Matanga ya Aliye Hai

Clémence aliweka bahasha juu ya meza, akaigonga mara mbili kwa kidole.

"Papa Honorable, hii njo itamaliza kazi," alisema. "Zile barua zingine za ushahidi ni za Columbus, bon, tulishazizoea. Hii inatoka Buffalo. Mama mwenyewe alikataa kuweka jina. Lakini soma tu. Kama haulie, uko jiwe."

Zabroni alicheka. Clémence, Mkongomani wa Bukavu mwenye ulimi usiojua cheo, alikuwa amemfanyia kazi miaka sita, tangu siku za udiwani, na hapakuwa na mtu mwingine Louisville nzima aliyeweza kumwita mheshimiwa na jiwe bila kubadilisha sauti. Ofisi yao ya mtaa wa Iroquois ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na duka la vyakula. Harufu ya dagaa wakavu ilipenya ukutani kutwa nzima, na wageni kutoka Frankfort, makao makuu ya jimbo, walioingia na tai zao walikuwa wakipumua kwa mdomo.

Ilikuwa Alhamisi ya Februari. Jumanne inayofuata kamati ya bunge la jimbo la Kentucky ingesikiliza mswada wa Zabroni. Mswada wenyewe ulikuwa mfupi, kwa sababu aliuandika mtu aliyejifundisha sheria kwenye maktaba ya mtaa, baada ya zamu ya kupakia vifurushi. Ulisema hakuna bosi, dalali wala mwenye nyumba atakayeshika makaratasi ya mtu mwingine. Ulisema hakuna atakayekula mshahara wa mtu kwa kisingizio cha kumlisha na kumlaza. Na kosa hilo uliliita utumwa. Wakubwa walimsihi aondoe neno hilo, aweke laini zaidi. Aliwaambia kitu chenye jina lake kiitwe kwa jina lake, na vijana wakayachapa maneno hayo kwenye fulana.

Basi akafungua bahasha, akasoma.

"Nililetwa Amerika nikiwa na miaka kumi na minne. Karatasi ilisema kumi na nane, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza habari za shule. Nililea watoto wanne wa nyumba ile. Nilipozidi kumlilia mama yangu, baba wa nyumba aliniambia amekufa. Wakamwekea matanga katika ukumbi wa kanisa. Chakula cha matanga nilikipika mimi."

Hakulia. Alijikuta anasoma mistari hiyo tena na tena akidhani pengine ni nyumba nyingine, baba mwingine. Lakini hata mapadri, wachungaji na waimbaji wote wa Amerika wangekusanywa mahali pamoja, wasingepata nyumba ya pili iliyomwekea matanga mtu bila maiti, bila kaburi, bila barua. Ilikuwa nyumba yake. Ukumbi ule ulikuwa upande wa Shively, kwenye kanisa la Wazungu ambalo Warundi walikuwa wakiliazima Jumapili mchana. Na msichana aliyesimama jikoni akikoroga sufuria kubwa la maharage, macho yamemvimba, jina lake Fides.

Barua iliendelea: "Mama yangu yuko hai. Nilimpata mwaka juzi, yuko kambi ya Nduta, Tanzania, macho yanamwishia. Mimi ni raia sasa, ningeweza kumwombea kuja. Lakini karatasi zangu zinasema mama yangu ni mwanamke mwingine, anaishi Louisville. Wakili anasema mpaka aliyeandika uongo ule aape kwamba ni uongo."

"Umeona?" Clémence aliuliza. "Hawataweza kukataa."

Zabroni alisema ataisoma tena nyumbani. Akaikunja mara nne, ndogo kabisa, akaiweka mfukoni.

Sasa huyu Zabroni alivyofika huko juu, kila Mrundi wa Kentucky anaweza kukusimulia, na atakusimulia vizuri, kwa sababu ni hadithi ya kutembea nayo kifua mbele. Alikulia kambini Mtabila, Kasulu, hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuja Louisville mwaka 2008 na mke wake Caritas, na watoto. Miaka sita akapakia vifurushi vya ndege. Halafu mwaka 2014 akaenda Columbus kumtembelea jirani yake wa kambini, Salvatori, akamkuta analala chini ya nyumba, kwenye chumba kisicho na dirisha, wanaume kumi na mmoja kwenye magodoro saba. Dalali mmoja aitwaye Zenoni aliwabeba kwa gari kila alfajiri kuwapeleka kwenye ghala, akawarudisha jioni, na grini kadi zao zote, vile vibali vya ukaazi, alizifungia kwenye droo. Kwa usalama, alisema. Zabroni hakuondoka. Alikaa mlangoni siku mbili akiwasomea sheria aliyoichapa maktaba, mpaka polisi wakaja na mwandishi wa gazeti akaja nyuma yao.

Mahakamani Zenoni aliweka mkono kifuani akasema: mimi ni kama baba yao, niliwaleta, nikawalisha. Zabroni, aliyeitwa shahidi, alimjibu kwamba baba hamfungii mtoto kwenye droo. Jibu hilo lilimfanya diwani. Baadaye likamfanya mbunge. Wazee wa Kimarekani weusi, ambao babu zao waliuzwa kwenye mto Ohio unaopita mjini hapo, walimkumbatia kanisani wakalia begani kwake.

Na siku ile anayasema maneno yale, grini kadi ya Fides ilikuwa ndani ya sanduku la nguo chini ya kitanda cha Zabroni. Fides mwenyewe alikuwa ametoroka mwaka mmoja kabla. Alikwenda Buffalo na kwaya, wakaimba, na gari la kwaya lilipoondoka kurudi, hakupanda.

Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye barua, na mtu angeweza kuyaeleza. Kambini watoto waliingizwa kwenye kadi za watu kila siku, ili mgao wa unga uongezeke, au kwa huruma tu. Mama yake Fides, Angelika, alikuwa jirani. Mwaka 2007 alikwenda Makamba, Burundi, kuangalia shamba la marehemu mumewe, akamwacha binti kwa Caritas, wiki mbili. Wiki zikawa miezi. Usaili wa kwenda Amerika ukafika. Ukiulizwa watoto wangapi, na msichana amekaa hapo anambembeleza mtoto wako wa mwisho, unasema watano. Na ukiulizwa umri, unakumbuka kwamba kule Amerika mtoto hawezi kuachwa peke yake, na baba na mama wote watafanya kazi, basi unamwongeza miaka minne. Tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi, 1990. Nani aliumia? Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia.

Hata matanga angeweza kuyaeleza. Mtu alipita Louisville akasema amesikia kwamba yule mama aliuawa kwenye ugomvi wa shamba. Zabroni hakuuliza amesikia kwa nani. Binti alikuwa hali, hatoki bafuni, watoto wanachelewa basi la shule. Mtu akiwekewa matanga, moyo wa aliyebaki hutulia. Ndivyo alivyofikiri, na alikosea, na pengine ni kosa la kweli.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye barua, kwa sababu Fides hakukijua. Agosti 2010, mwaka na nusu baada ya matanga, simu ya Zabroni ililia akiwa kwenye maegesho ya ghala. Alikuwa Reginaldi, rafiki yake, anapiga kutoka Kasulu. Angelika amerudi, alisema. Hajafa, alikuwa amefungwa kwa kesi ya shamba. Anazunguka kambi nzima akiuliza mtoto wake yuko wapi. Andika namba ya jirani yake, binti apige. Zabroni aliandika. Alikwenda nayo nyumbani akamwonyesha Caritas, na Caritas, mtoto wa mwisho mapajani, aliuliza swali moja tu: nani atabaki na watoto? Zabroni aliongezea la kwake kimoyomoyo: na kanisa zima lililokula maharage yale, nitaliambia nini? Ikapita siku, ikapita wiki. Karatasi yenye namba ikapotea, kama zinavyopotea karatasi ambazo mtu hataki kuziona. Fides alikaa katika nyumba ile miaka mitatu mingine. Watoto walipokua kidogo akapelekwa kwenye dobi la hospitali, na mshahara ukaingia kwenye akaunti ya baba.

Ijumaa asubuhi alimwonyesha Caritas barua. Caritas alikuwa ametoka zamu kwa bibi mmoja wa Kizungu anayemtunza, amevaa bado viatu vya kazi, anachambua mchele. Alisoma taratibu, midomo inacheza. Halafu akaendelea kuchambua.

Alisema walimlisha. Alisema walimvisha, wakampa godoro lake, na wangapi waliachwa kulekule wakarudishwa kwa nguvu kambi ilipovunjwa? Alisema kama si wao Fides angekuwa hajui hata kuwasha jiko la gesi. Zabroni alimwacha amalize, maana yote hayo alikuwa ameshayasema mwenyewe usiku kucha, kwa mpangilio huohuo.

"Nitakwenda Buffalo," alisema.

"Nenda." Caritas aliokota kijiwe akakitazama. "Ukitia sahihi, baba Dative, kwenye karatasi hiyo mimi nitakuwa nani?"

"Mwongo mwenzangu."

"Na Dative na wadogo zake, walioletwa kwa sahihi hiyohiyo?"

Zabroni aliirudisha barua mfukoni. Alikuwa amempigia wakili wa Lexington jana yake, bila kutaja jina, kama wanavyofanya wote: nina rafiki yangu. Wakili alimwambia huyo rafiki anaweza kupoteza kiti, na serikali ikitaka ukali, hata uraia. Watoto huenda wasiguswe, huenda. Rafiki yako asitie sahihi chochote bila kuniona.

Jumamosi yeye na Clémence walipitia Columbus, kwa sababu sherehe ilikuwa imepangwa tangu Desemba na isingeahirishwa. Kila mwaka wale kumi na mmoja wa nyumba ya Zenoni huchinja mbuzi na kumwalika. Ukumbi ulikuwa umejaa, watoto wanakimbia na puto, na Salvatori, ambaye sasa ana nyumba yake na malori mawili, alimpokea mlangoni kwa kelele.

"Mheshimiwa, umenenepa," alisema. "Hiyo haki unaila na siagi?"

Watu wakacheka. Zabroni alicheka nao, akakalishwa mbele, akapewa figo la mbuzi. Salvatori alisimama na kipaza sauti kinachokwaruza, akasimulia yote upya: droo, magodoro, zile siku mbili mlangoni. Akamwigiza Zenoni mkono kifuani, mimi ni kama baba yao, na ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja lile jibu la Zabroni, hata watoto waliozaliwa juzi wanalijua. Halafu Salvatori akasema kwamba katika maisha yake ameona wakubwa wengi wanaopanda juu na kuwasahau watu, lakini huyu hakuwahi kumwacha mtu nyuma.

Ilipofika zamu yake ya kusema, Zabroni alisimama na kipaza sauti mkononi. Aliwatazama. Neno lilikuwa hapo, kwenye ulimi. Akaona mama mmoja ameinua simu kumrekodi, na Salvatori anamtabasamia kama mtoto. Akawashukuru kwa mbuzi. Akawaomba wauombee mswada. Akaketi, na makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwaka uliopita.

Clémence ndiye aliyekuwa akiendesha. Walikuwa wameacha Columbus nyuma kama nusu saa, theluji imeanza kurukaruka mbele ya kioo, Zabroni alipomwambia aipunguze redio. Akamwambia. Alianza na usaili, akaja kwenye matanga, na simu ya Reginaldi akaiweka mwisho, kwa sauti ndogo, akitazama nje. Clémence alipunguza mwendo.

"Ile barua niliiandika mimi, na mukono yangu," alisema. "Yeye alikuwa anasema, mimi niko naandika. Nikimuuliza jina ya uyu baba ni nani, ananitazama tu hivi. Nikafikiri ananihurumia juu ya mwandiko."

"Alijua unafanya kazi kwangu?"

"Ile fomu ya ushahidi, karatasi ya juu iko na sura yako, na umecheka."

Kutoka hapo mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tano, na hakumwita Papa tena.

Kulipokucha Jumapili, theluji ya Grant Street, mjini Buffalo, ilikuwa imesukumwa pembeni, imekuwa nyeusi. Fides alikuwa amekubali kukutana nao kwenye duka la mtu aitwaye Jules, ambalo hufunguliwa hata Jumapili: hutuma pesa, huuza vitenge na mawese, hutengeneza simu, na Jules mwenyewe ana kibali cha kugonga muhuri kwenye viapo. Fides alikuwa ameketi nyuma, karibu na hita, amevaa sare ya hospitali chini ya koti. Zabroni alikuwa amejiandaa kumwona msichana. Aliyenyanyuka ni mwanamke mzima, mabega mapana, mvi mbili tatu juu ya paji la uso. Miaka thelathini na mmoja. Karatasi ilisema thelathini na mitano.

"Habari za safari, mzee Zabroni," alisema.

Hakumpa shikamoo. Miaka mitano ndani ya nyumba yake, kila alfajiri alimpa shikamoo akiwa ameshika chai yake. Zabroni alijibu kwamba safari ilikuwa nzuri, akaonyeshwa kiti cha plastiki, akakaa. Clémence alibaki amesimama karibu na mlango, mikono kwenye mifuko.

Alikuwa ameandaa maneno njiani, na sasa aliyatoa. Alisema Jumanne atasimama mbele ya kamati mwenyewe. Hataficha kitu. Atasema: huyu baba wa nyumba ni mimi. Magazeti yataandika, jimbo zima litasikia, na hakuna mbunge atakayethubutu kuupinga mswada baada ya hapo. Fides anaweza kuja kukaa pembeni yake, au asije, kama atakavyo. Alisema haya, na machozi, ambayo yalikataa kuja Alhamisi, yakaja.

Fides alimsikiliza kwa utulivu, kichwa ameinamisha kidogo, kama alivyokuwa akisikiliza orodha ya kazi za siku.

"Umemaliza?" aliuliza. "Kwa hiyo nitakupikia tena."

"Sijakuelewa."

"Unakwenda kulia mbele ya watu na mimi ndiye maharage. Utalia vizuri, watakusamehe, utapita. Nakufahamu, unaongea vizuri sana. Mimi sikukuita uje kulia. Niliipeleka barua ile kwako makusudi, bila jina, nione utafanya nini nayo. Ungeweza kuichana. Hukuichana, hiyo nakupa. Sasa tia sahihi."

Alisukuma karatasi mbili juu ya magoti ya Zabroni. Hati ya kiapo, imeandikwa na wakili wake. Mimi Zabroni fulani naapa kwamba Fides si mwanangu wala wa mke wangu. Kwamba mama yake ni Angelika. Kwamba umri wake niliubadilisha mimi, naye akiwa mtoto asiyeulizwa. Hakukuwa na neno kali hata moja. Zabroni, mtu wa maneno makali, alitafuta mahali pa kubishana asipaone.

"Wakili wangu alinikataza," alisema.

"Najua. Wangu aliniambia utakatazwa."

Jules alikuja na kitabu chake na muhuri. Alikuwa mtu wa masihara na hakuwa amesikia kitu, au alijifanya. Alimwambia mheshimiwa kwamba hapa dukani hata mbunge anaonyesha kitambulisho, kwani juzi alikuja mtu akasema yeye ni askofu, kumbe anauza majokofu. Zabroni alitoa leseni yake ya udereva. Alishika kalamu. Akawaona watoto wake wanne mmojammoja, akamwona Caritas na kijiwe chake cha mchele, akamwona Salvatori na kipaza sauti; na akagundua kwamba katika wote aliowafikiria, hakuna aliyewahi kulala chini ya paa lake bila mama isipokuwa huyu aliyekaa mbele yake. Akatia sahihi. Jules akagonga.

Fides alipuliza wino, akaziweka karatasi kwenye begi, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Basi," alisema. "Kwa sheria hiyo inatosha."

Zabroni hakusimama. Alisema kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Fides alilikumbatia begi.

"Kama linamhusu mama, mwambie mama."

Akatoa simu, akabonyeza. Kule Nduta jioni ilikuwa imeingia. Iliita mara nyingi. Halafu ikasikika sauti nyembamba, yenye kikohozi, na nyuma yake kuku na mtu anayepasua kuni. Fides alizungumza Kirundi kwa upole ambao Zabroni hakuwahi kuusikia kutoka kwake, akamweleza mama kwamba yule baba amefika, na ametia sahihi. Akampa simu.

"Baba Dative?" Angelika aliuliza, kwa Kiswahili cha kambini. "Ni wewe kweli? Mungu akubariki, baba. Kila siku nakutaja kwenye sala. Nilimwacha mtoto siku chache, wewe ukamlea mpaka akawa mtu. Mama Dative hajambo?"

Fides hakuondoa macho yake kwake. Clémence naye, mlangoni. Hapo ndipo Zabroni alipojua kwamba angeweza kusema asante, mama, tunashukuru Mungu, na kukata. Hakuna sheria iliyomshika. Mwanamke nusu kipofu, upande wa pili wa dunia, angekufa akimwombea heri.

"Mama Fides, usinishukuru," alisema.

"Kwa nini nisikushukuru?"

"Reginaldi alinipigia."

Kuni ziliendelea kupasuliwa. Angelika alikohoa.

"Reginaldi alisema alikupigia," alisema polepole. "Nami nikasema labda simu haikusikika, Amerika ni mbali. Ile namba ilikuwa ya jirani, mama Protasi. Nilimfagilia uwanja wake mwaka mzima, asubuhi na jioni, ili simu ikilia niwe karibu. Mwaka mzima, baba Dative. Ulisikia alichosema Reginaldi?"

"Nilisikia. Niliandika namba."

"Ukampa mtoto?"

"Sikumpa. Tulikuwa tumeshakuwekea matanga."

Alisikia kiti cha Fides kikisogea. Angelika akatoa kicheko kidogo, kikavu, kisicho na furaha wala ukali.

"Chakula kilitosha?" aliuliza.

Zabroni, mtu aliyewajibu madalali, majaji na wabunge wa Frankfort, alijibu neno moja.

"Kilitosha," alisema.

"Haya," alisema Angelika. "Mpe mwanangu simu."

Akampa.